Thumuni ya Mji

Jana usiku hapa Lamu umeme ulikatika tena, chini hakukaliki kwa joto, tukapanda darini mimi na huyu wa mwisho, yule wa maswali. Alikuwa na simu yangu. Ami yake wa Dubai kamtumia video: watu wamejipanga foleni ndani ya Burj Khalifa, wanangoja lifti iwapandishe wakautazame mji. Mita 828, akasoma. Nikamwambia hao wote unaowaona wamekwisha kukata tiketi. Akanyamaza kidogo. Akainua macho kutazama vilivyokuwa mbele yetu: mapaa ya makuti, mlingoti wa jahazi lililofunga gatini, na ng'ambo kule Manda taa za kiwanja cha ndege.

"Na sisi hapa, baba, tunamlipa nani?"

Nilianza kucheka, kicheko kikanikwama. Maana lile swali niliwahi kulisikia likijibiwa, au karibu lijibiwe, juu ya kilima cha nyasi katikati ya Nairobi, Agosti ya 2001, nikiwa na miaka tisa na sweta la kuazima lililonifika magotini.

Safari yenyewe naipita. Mashua hadi Mokowe, basi lenye askari wa bunduki ndani kwa sababu ya majambazi wa barabara ile, Mombasa, basi jingine usiku kucha, na mdogo wangu kutapika kuanzia Voi. Mtaani watu walikuwa wameuliza: mgonjwa ni mmoja, mbona wanasafiri sita? Baba akawajibu, "Shule zimefungwa." Basi, hakuongeza. Mama alikuwa na uvimbe shingoni, anaufunika kwa mtandio, na hospitali ya kwetu ilikuwa imemwandikia karatasi ya kwenda mbele. Tukaenda mbele ukoo mzima: baba, mama, bibi mzaa baba, dada, mimi na mdogo wetu wa miaka minne.

Tulifikia kwa jamaa Pumwani. Alhamisi mama akatolewa kipande kwenye ule uvimbe kikapimwe, akarudi na bandeji na amri ya kutosema sana. Jibu Jumatatu. Daktari alimwita baba pembeni, mlango ukafungwa, nami nikabaki nakitazama kitasa. Alipotoka alisema, "Jumatatu," kisha akasema ana njaa. Baba hakuwa mtu wa kusema ana njaa.

Kwa hiyo tulikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kuua, na pesa za kuhesabia vidoleni. Jumamosi baba akavaa kofia yake ya vito na kusema twendeni tukauone mji, tusije tukaulizwa nyumbani tukakosa la kusema.

Kwanza tulikwenda KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa. Kila aliyewahi kwenda Nairobi alituambia ukifika juu ya lile jengo unauona mji wote. Kumbe kupanda ni kwa pesa. Baba aliulizia bei ya kichwa kimoja, nikaona midomo yake inazidisha mara sita kimyakimya, halafu akashukuru kwa heshima kama aliyekaribishwa chakula akakuta ameshiba. "Twaweza kuliona kwa chini," akasema. "Kwa chini ndiyo laonekana refu." Tukalizunguka. Tukasimama mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi. Pembeni ya mnara pana ule ukumbi wenye paa lililochongoka kwenda juu, na bibi alipouona akasimama kabisa.

"Lile kawa," akasema. "Wamefunika nini?"

Tangu siku ile siwezi kuliona jengo lile ila nione kawa, na chini yake sinia la wali.

Kuivuka Uhuru Highway na bibi aliyevaa koti la kiume juu ya buibui ni hadithi yake peke yake. Tulivuka. Tukaingia Uhuru Park, tukalipita lile ziwa la vijiboti vya kukodi (baba akiongeza mwendo ili mdogo wetu asivione vizuri), tukapanda kilima hadi pale nyasi zinapoinama kuelekea mjini. Baba akatandika leso ya mama, tukakaa, tukageuka.

Mji wote ulikuwa pale. Bila tiketi, bila lifti. Mawingu ya Agosti yalikuwa yametanda yote, hakuna jua, na majengo yalisimama bila kivuli. Baba akatuonyesha kwa kidole: KICC, ghorofa 28. Nyuma yake Times Tower, ghorofa 38, jipya, limekamilika mwaka uliopita na kulipita lile la kwanza kwa urefu. Minara miwili ya mviringo ya Nation. Huku karibu, ng'ambo ya barabara tu, saa ya Bunge.

"Na bahari i wapi?" bibi akauliza.

"Huku hakuna bahari, mama. Tumepanda. Hapa tulipo ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari."

"Ndiyo maana masikio." Akatafuna tambuu yake. "Na muyi huu una miaka mingapi?"

Baba, ambaye alipenda kuulizwa vitu kama hivi, akasema reli ilifika pale 1899 pakiwa kinamasi kitupu, kwa hiyo miaka 102.

"Mtoto," bibi akasema, na hakuutazama tena kwa muda mrefu. Kwetu Msikiti wa Pwani peke yake una zaidi ya miaka 600, na haujawahi kumtoza mtu kuutazama.

Sijui mchezo aliuanzisha nani. Nakumbuka baba amelalia kiwiko, kofia imesogea nyuma, akamwambia dada, "Wewe nimekupa lile la KICC. Lichukue." Dada alikuwa na miaka kumi na tatu, umri wa kuona haya kwa kila anachofanya baba, lakini akatabasamu.

Bibi akaingilia. "Humpi mtoto wa kike nyumba nzima mbele ya nduguze. Nusu."

"Haya, nusu. Ghorofa 14."

"Za juu au za chini?" dada akauliza.

"Za juu."

"Na nikitaka kushuka?"

"Utabisha hodi kwa kakako," bibi akasema, na mate mekundu ya tambuu yakamtoka kwa kucheka.

Mimi nikapewa Times Tower. Bibi akauliza mna nini mle, baba akasema ndimo wanamokaa watu wa kodi. "Umemrithisha mtoto watoza ushuru," bibi akasema, "Mungu amsaidie." Mdogo wangu akapewa saa ya Bunge kwa vile ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa kuisoma. KICC bibi bado alikuwa na shaka nayo: "Lile si la chama cha jogoo? Unagawa mali ya jogoo?" Kweli, siku zile lilikuwa bado mikononi mwa KANU. Lilirudishwa serikalini 2003, na dada hushikilia hadi leo kwamba hakuna aliyemjulisha.

Tulikuwa tunacheka hivyo, watu wanapita wanatutazama, na mama alikuwa kimya kwa sababu ya bandeji, anang'oa majani moja moja na kuyapanga gotini. Akasema, kwa ile sauti ya kukwaruza, neno lake la kwanza tangu asubuhi:

"Na thumuni yangu?"

Tukacheka zaidi. Ni kweli, mume akifa, mke mwenye watoto fungu lake la mirathi ni thumuni, moja ya nane, hata sisi watoto tulilijua hilo kutoka chuo cha Kurani. Baba akainua mkono kuutafutia jengo, ule mkono ukizunguka juu ya mji wote.

"Au," mama akasema, "kwenye hesabu hii mimi simo tena?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayeulizia chumvi. Lakini mkono wa baba ulibaki pale pale hewani, kidole kimenyooka, hakionyeshi kitu. Nakumbuka kucha ya kidole kile, nyeusi upande mmoja kwa nyundo ya kazini. Nakumbuka honi za matatu chini barabarani zikisikika ghafla, kana kwamba zilikuwa zimezimwa zikawashwa. Bibi aliacha kutafuna. Dada alinitazama, na nikajua kwamba yeye anajua jambo ambalo mimi silijui, au anajua kwamba lipo. Mirathi hugawiwa mtu akiisha kufa. Ni nani basi aliyekufa katika mchezo wetu? Tulikuwa hatujaulizana.

Aliyetuokoa ni mdogo wetu. Yeye thumuni aliyoijua ni ile ya dukani kwetu, sumuni, senti hamsini za kununulia peremende. Akajipapasa ndani ya sweta, akatoa sumuni yake, ile aliyotoka nayo Lamu akiibana kiganjani njia nzima, akasimama, akaenda kumpa mama. "Shika," akasema. "Usilie." Na mama hakuwa analia.

Baada ya hapo tulicheka hadi tukachoka, kicheko kikubwa kuliko kichekesho. Baba akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akampa mama kile kilima. Chote, akasema, hapa tulipokaa, nyasi na miti yake. Kisha akatusimulia kwamba pale pale 1989 wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60, na mwanamke mmoja, Wangari Maathai, akasimama akakataa. Akatukanwa kila tusi, akaandika barua huku na huku hadi wenye pesa wakajitoa, na jumba halikujengwa. Kama si yeye, tungekuwa tumekaa kwenye lifti ya mtu.

Bibi alilifikiria hilo sana.

"Basi hapa huwezi kumpa mtu," akamwambia mwanawe. "Hapa pamekuwa wakfu. Wakfu haugawanywi."

"Hata thumuni?"

"Hata thumuni."

Mama akaifunga ile sumuni kwenye pindo la mtandio, fundo dogo, akalikaza kwa meno.

Baba alitaka tungoje taa za mji ziwake, alikuwa ametuahidi. Lakini akaja mpiga picha wa pale bustanini, kamera shingoni, akataka tupange mstari majengo yawe nyuma yetu. Baba akamwambia kesho. Yule bwana alielewa kesho ni nini, hakukasirika, ila akainama akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ukiwa na familia hapa usingoje giza." Tukakusanya leso tukashuka. Taa tulizionea ndani ya matatu, na ndani ya matatu huoni mji, unaona kisogo cha mtu. Ndiyo maana picha ya siku ile hatuna. Kutazama kulikuwa bure, picha ndiyo ilikuwa ya pesa.

Jumatatu jibu likawa la heri. Lile rovu likakatwa, mama akabaki na mkunjo mmoja zaidi shingoni ambao wajukuu huufuata kwa kidole. Desemba ile ile Lamu yetu ikaingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia, na bibi alipoambiwa akauliza dunia imerithi kwa nani na nani kafa.

Aliyekufa kwanza alikuwa yeye bibi, kisha baba, 2016, kwa moyo, hata hospitali hatukuwahi kufika. Tukagawana tena, safari hii kwa karatasi. Mafungu 40: mama 5, dada 7, mimi 14, mdogo wangu 14. Dada alipoisikia ile 14 alinitazama kama alivyonitazama kilimani. Nyumba ina vyumba vichache kuliko mafungu, na mazungumzo yakaanza kuwa makali kidogo, sitaki kuyaandika hapa. Mama alitusikiliza hadi tukamaliza. Akasema vyumba tufanye tutakavyo, yeye ana neno moja tu: darini hapagawanywi. Anayetaka kupanda apande.

Nimewahi kumuuliza siku ile daktari alimwambia nini baba nyuma ya mlango. Lazima alikuwa anajua, au alikisia, la sivyo asingeuliza lile swali. Mama husema, "Alitoka akasema ana njaa," na huishia hapo. Naye baba sikumuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano ya kumuuliza nikaona ipo mingine. Na ukoo mzima kupelekwa Nairobi kwa uvimbe wa mtu mmoja, ilikuwa likizo ya shule kweli? Wakati mwingine naona alikuwa anatuchezesha tu ili siku zipite. Wakati mwingine naona alikuwa anatukusanya.

Haya yote sikumwambia mtoto. Nilimwambia, "Nenda kamuulize bibi yako tunamlipa nani."

Akashuka mbio gizani, ngazi hizi za kwetu bila tochi, moyo wangu ukaruka. Nikawasikia wakinong'ona chini, nikamsikia mama akicheka. Akarudi akihema.

"Bibi kasema mumlipe yeye. Kasema wewe unadaiwa tangu 2016."

"Kiasi gani?"

"Sumuni."

Nikajipapasa. Shilingi zilikuwepo, za ishirini na za kumi. Sumuni siku hizi utaipata wapi.