Bima ya nyumba ukiwa na mbwa Marekani
Wenye mbwa mlioko Marekani, kabla ya kusaini bima ya nyumba someni sehemu ya dhima kwa watu wengine, yaani madhara yao unayowajibika kuyalipa. Ndiyo inayolipa mbwa akimng'ata mgeni, kwa kawaida hadi dola 100,000 au 300,000. Kinachozidi ni mfuko wako. Akimng'ata mwanao unayeishi naye, hapo kwa kawaida hamna kitu.

Ukiulizwa aina ya mbwa, usiandike "chotara" ili kumficha Rottweiler, mbwa mkubwa ambaye baadhi ya kampuni za bima humkataa. Kampuni ikigundua siku ya madai inaweza kukataa kulipa na kuifuta bima yenyewe. New York na Nevada sheria hairuhusu kukunyima bima kwa aina ya mbwa tu, ila aliyekwisha kung'ata ni habari nyingine. California nako "hajawahi kung'ata" si utetezi: unawajibika tangu jino la kwanza.