Upepo Chini ya Kitanda cha Mama

Tangu Jumatatu nimekuwa nikiyarudia maneno machache ya mzee mmoja wa duka la mabomba pale Mwembe Tayari, Mombasa, na kila nikidhani yamenitoka, hunijia tena nikiwa nakoroga uji wa Mama au nasubiri matatu ya Kisauni. Wiki hii Rashid wetu amefunga nikahi na mkataba wangu wa kufundisha umeongezwa mwaka mmoja, nami nimeshukuru kwa yote mawili, lakini kinachoniandikisha leo ni kipande cha bomba ambacho sikuuziwa.

Ninaunda kifaa cha kumwogeshea Mama kitandani. Kichwa cha shawa kiko tayari, mpira upo, na turubai la kukingia maji halivuji tena. Kilichobaki ni mtungi mdogo wa plastiki wa lita 5, utakaotiwa maji vuguvugu kisha ukapampiwa upepo, ili maji yatoke kwa nguvu bila mtu kuinua ndoo. Nilikuwa nimeamua kuuunda kwa bomba la plastiki ngumu, PVC, la milimita 110, vifuniko viwili, gundi na valvu ya tyubu ya baiskeli.

Mzee alikuwa amekwisha kupima sentimita 65 na kutia alama, na msumeno uko juu ya alama hiyo, ndipo akauliza:

“Hili waenda kupitishia maji ya wapi, mwanangu?”

“Si la kupitisha maji, mzee. Nataka kulitia upepo, liwe mtungi.”

“Na mtungi utakaa wapi?”

“Chumbani, chini ya kitanda cha mamangu.”

Akauondoa msumeno. “Bomba hili ni la maji. Mimi sikati bomba la kutiwa upepo chini ya kitanda cha mzazi. Niwie radhi.”

Nami nikasema, mbele ya wateja watatu: “Mzee, mimi nayafundisha mambo haya chuoni.”

Hakunijibu. Alilirudisha bomba ukutani taratibu, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.

Usiku ule nilikaa na kalamu ili nijithibitishie kwamba nilionewa. Bomba lile limepigwa chapa ya PN 10, yaani hubeba presha ya bar 10, ilhali mimi nahitaji bar 1.5, na hata mtu akizidisha kupampu sidhani angepita bar 3. Lakini kiwango hicho hutolewa kwa maji yenye nyuzi 20 za selsiasi, na chumba cha Mama mchana hupita 30, ambapo PVC huanza kupoteza nguvu. Tena maji hayabanwi, kwa hiyo bomba la maji likipasuka presha huanguka papo hapo, maji yakamwagika, basi. Upepo uliobanwa ni kama springi iliyokunjwa: ufa ukianza, hufunguka wote kwa mara moja, na PVC haichaniki, huvunjika vipande vyenye makali. Ndiyo sababu watengenezaji wenyewe huikataza kwa upepo. Nikapiga hesabu ya kifuniko pia, nikakuta kwamba kwa bar 3 kingesukumwa kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 200, mifuko minne ya simenti, na cha kukizuia ni gundi niliyoipaka mwenyewe. Haya yote huyaandika ubaoni kila muhula. Sikuwahi kuyaingiza katika chumba cha Mama. Mzee yule aliuliza tu mtungi utakaa wapi, na swali lake lilitosha.

Tangu hapo kinachoniuma si kukataliwa, ni lile jibu langu.

Alhamisi nilinunua bomba la kupulizia dawa la lita 5, jipya kabisa, maana lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halifai kusogezwa karibu na ngozi ya mtu. Nilichagua lile la kuning'iniza begani, kwa sababu lile la kubeba mgongoni tangi lake halikai na presha. Hili ni la polithini, la mviringo, halina pembe, na juu lina valvu nyekundu inayojifungua presha ikizidi. Nililijaza maji mpaka mdomoni pasibaki upepo, nikaliunga na pampu ya kupimia mabomba niliyoiazima karakana ya chuo, nikapandisha hadi bar 2.25, mara moja na nusu ya ninayoihitaji, na kwa dakika 30 mshale wa geji haukusogea.

Jana nilipita Mwembe Tayari kumwomba mzee msamaha, lakini ulikuwa wakati wa swala ya alasiri na duka lilikuwa limerudishwa mlango. Nitarudi Jumatatu.

Jioni nililijaribu kwa upepo, nikiwa uani nyuma ya ukuta, nikapampu makusudi mpaka valvu nyekundu ikafunguka na kufoka. Mama akaniita kutoka dirishani, akaniambia nifunge jiko la gesi kwani linavuja. Hatujawa na jiko la gesi tangu tulipohama Majengo, na hii ni mara ya pili wiki hii kuniambia hivyo.