Alasiri Tuliyokataa Kuiuza Hataza

Juma hili nimelipa tena ada ya mwaka ya hataza yetu, yaani haki ya kisheria inayolinda ubunifu wetu wa chipu ya kupimia unyevu wa udongo, na mama watoto akaniuliza, kwa upole, kama fedha hiyo isingetosha kumalizia paa la nyumba ya Nkuhungu. Kilichonijia ni ile alasiri ya hotelini, karibu na Uwanja wa Nyerere, Dodoma, mimi na Mzee, mwenzangu katika hataza hii, tulipowekewa mezani mkataba wa kuiuza na mgeni aliyetumwa na wanunuzi.

Maombi yalikuwa yamepita BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, hadi ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na chipu za kwanza zilichongwa ng'ambo kwa utaratibu wa wabunifu wengi kugawana kisahani kimoja cha silikoni, kwa kuwa gharama ya violezo vya kuchapia saketi ni ileile, uwe unataka chipu kumi au milioni.

Mgeni aliomba kuiona chipu yenyewe. Niliitoa kwenye kikasha chake, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe cha meza, haizidi punje ya uwele, na Mzee akamsogezea lenzi ya fundi saa. Aliinama kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba muda mwingi chipu hiyo hulala, ikaamka kupima unyevu wa udongo na kulala tena, na kwamba namna yake ya kuamka ndiyo inayolindwa na hataza, maana ndiyo inayoiwezesha betri ndogo kumaliza msimu wa zabibu kule Chinangali bila kubadilishwa. Alisikiliza kwa heshima, kisha akafungua ukurasa wa bei.

"Mhandisi, hataza peke yake hailishi familia. Kiwanda huna, soko huna. Chukua fedha, mengine tuachie sisi."

Kiwanda kweli hatuna, lakini wabunifu wengi wa chipu hawana: TSMC ya Taiwan imekuwa ikiwachongea wengine tangu 1987, na Arm, iliyoanzishwa 1990, imekua kwa kutoa leseni za usanifu wake. Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: haki zote, kwa matumizi yote, katika nchi zote. Alipofika "kwa matumizi yote" niliikumbuka Busicom, kampuni ya Japani ambayo kichakataji cha Intel 4004 kilibuniwa kwa ajili ya vikokotoo vyake. Haki ya kichakataji hicho mwanzoni ilikuwa ya Busicom peke yake; Intel iliirejeshea dola 60,000, ikapata haki ya kuwauzia wengine, na kikaingia sokoni mwaka 1971. Busicom ilifilisika mwaka 1974.

Mzee alichukua kalamu, akafuta "haki zote", akaandika juu yake "leseni ya miaka mitano". Mgeni aliutazama mstari ule, akasema hana mamlaka ya kuukubali, akatuaga vizuri.

Baadaye leseni tulimpa mtengenezaji mdogo wa mita za umwagiliaji, naye hutulipa kwa kila chipu anayouza. Katika nchi ambazo hatukuomba ulinzi, ile miezi 12 ya kipaumbele, ambamo mwombaji anaweza kupeleka ombi lake nchi nyingine, imekwisha kupita, na yeyote huko anaweza kuusoma usanifu wetu na kuutumia bila kutuuliza. Mzee anaamini kwamba tulitenda haki kukataa. Nami naamini hivyo siku nyingi. Ila zabibu zinapokosa wanunuzi na mita zikabaki dukani, huupigia hesabu upya ule ukurasa wa bei.