Mizani ya Tisa

Jana usiku binti yangu alikuwa mezani na kazi yake ya shule, akihesabu mizani kwa vidole. Kwenye neno "mlango" akasita. "Mama, hii m nayo inahesabiwa?" Inahesabiwa, nikamwambia: m-la-ngo, tatu. "Na kwenye mbuzi?" Hapo haisimami peke yake: mbu-zi, mbili tu. Akaendelea. Mimi nikabaki na ule mlango.

Kile kikundi chetu cha mashairi cha Tanga tulikianza 2009, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe Shaaban Robert. Tuliona haya: Vibambani alikozaliwa ni hapo tu, nasi tunaoandika hata hatujuani. Tukawa tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa Bi Mkubwa, kwa kahawa na kashata, madaftari mapajani. Ugomvi wetu ulikuwa ule ule wa siku zote. Vijana walisema hisia haihesabiwi, wazee walisema shairi lisiloimbika ni barua. Moyoni nilikuwa na vijana, ila niliandika tarbia, beti za mishororo minne, mizani nane kila kipande, kwa kumheshimu Mzee, mkongwe wa kikundi.

Mzee alihesabu mizani kwa pingili za vidole, gumba likipita pingili moja moja kama mtu anayevuta uradi. Hakusamehe hata mizani moja, ya mtu yeyote.

Jumamosi moja nilisoma shairi langu la kumkumbuka baba. Alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na shairi lile sikuwa nimemsomea mtu. Ubeti wa pili ulianza: "Baba amelala chumbani, mlango umefungika." Gumba la Mzee likapita pingili nane, likafika ya tisa, likasimama.

"Imezidi moja. Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Tisa.

"Sema kalala. Si ndivyo tusemavyo hapa? Baba kalala chumbani."

Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe. Alfajiri ile muuza maziwa alibisha hodi, akauliza, "Mzee vipi leo?" Mama, kanga kaishika kidevuni, akamjibu, "Kalala." Akapokea maziwa, akalipa, akahesabu chenji, akarudi ndani, akaurudishia mlango wa chumba taratibu, kama asiyetaka kumwamsha mtu. Nilikuwa nimekaa chini ukutani. Alikwishajua, nami nilikwishajua. Nadhani alitaka akae na mumewe dakika chache zaidi kabla nyumba haijajaa watu. Neno lile nililisikia kwa masikio yangu, na nilipoketi kuandika nikaandika "amelala", kama tulivyofunzwa kwenye insha.

Nikalia mbele yao wote. Bi Mkubwa akanifunika mabega kwa mtandio wake. Mzee alishtuka, akadhani ni hesabu yake iliyonichoma. "Basi, mwanangu," akasema, "liache hivyo hivyo. Tisa si kitu."

Nilikusudia kumweleza Jumamosi iliyofuata, nikaona haya. Tangu hapo hakuzihesabu tena mizani zangu. Wenzangu waliposoma, gumba lilitembea, niliposoma mimi, mikono yake ilitulia magotini, na mwisho akasema, "Vizuri." Lilikuwa likiniumiza neno hilo kuliko sahihisho lolote. Kisha nikahamia Dar es Salaam, na habari ya msiba wake ikanikuta huku.

Mpaka leo sijui ni mizani iliyonirudishia neno la mama, au ni Mzee aliyewajua watu wa kwetu wanavyosema. Pengine kwake hayo yalikuwa kitu kimoja. Ningemuuliza.

Binti yangu akanisogezea daftari nimkagulie. Beti mbili, kuhusu paka wa jirani, nzuri kabisa. Mshororo wa tatu nikauhesabu kwa pingili, nikauhesabu tena. Alikuwa amechoka, macho yanamfumba.

"Imezidi moja," nikamwambia. "Rudia, mwanangu."