Jinsi nilivyoondoa ucheleweshaji wa malipo ya bitcoin dukani

Wateja wa duka langu la rejareja jijini Nairobi walipoanza kulipia mkate na maziwa kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali, muamala ulikawia kuthibitishwa, kwa kuwa bloku mpya, yaani kundi la miamala linaloongezwa kwenye leja kuu ya bitcoin, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na mtandao ulipokuwa na msongamano ada ilizidi bei ya bidhaa yenyewe. Hakuna mteja anayestahili kusimamishwa kaunta namna hiyo kwa ajili ya paketi ya maziwa.

Niliamua kupokea malipo kupitia Lightning, mtandao uliojengwa juu ya bitcoin, ambao hupitisha fedha katika njia zilizokwisha kufunguliwa baina ya watumiaji bila kuandika kila muamala kwenye leja kuu. Kizuizi kigumu zaidi kilikuwa uwezo wa kupokea, kwa sababu njia iliyojazwa fedha zangu pekee iliweza kutuma tu. Nilinunua nafasi ya kupokea kutoka kwa mtoa huduma wa pochi ya kidijitali ya bitcoin, kisha nikaanza kutoa ankara ya msimbo wa QR yenye kiasi kamili cha satoshi, ambazo 100,000,000 hufanya bitcoin 1, kikikokotolewa kutokana na bei ya shilingi wakati huohuo. Sasa malipo hufika kwa sekunde chache.