Sakai, kwa wanoaji wa visu

Kutoka Tennoji, Osaka, tramu ya Hankai inajikokota kuelekea kusini, na kituo cha kushukia ni Myokokuji-mae. Karakana za visu za Sakai, mji wa Japani ulio kusini mwa Osaka, zimejificha kati ya nyumba za kawaida. Usiposikia nyundo utazipita.

Kisu kimoja hapa hupitia mikononi mwa mafundi watatu: mhunzi, mnoaji na mtia mpini. Mhunzi huunganisha chuma laini na chuma kigumu cha shirogami, aina ya chuma cha Kijapani chenye kaboni nyingi, ambacho daraja lake la namba 2 lina kaboni ya asilimia 1.1 hivi. Hushika kutu upesi, lakini hukubali makali membamba mno.

Kwa mnoaji nilikaa zaidi. Jiwe lake la duara huzunguka likimwagiwa maji, kwa sababu makali yakipata moto kupita nyuzijoto 200 hivi ugumu huanza kupotea. Yakigeuka bluu, kazi imeharibika. Chuma kikipunguzwa upande mmoja, kisu hupinda. Basi kila baada ya muda hukiinua, hukitazama kwa urefu wake kwa jicho moja, hukigonga kidogo juu ya gogo, kisha hurudi jiweni.

Halafu wageni hupewa kinoo cha mkono, namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), kilichokaa majini mpaka kikaacha kutoa viputo. Somo ni la yanagiba, kisu cha samaki chenye mteremko, yaani mshazari unaoshuka hadi makali, upande mmoja tu. Mteremko wote hulazwa juu ya jiwe, vidole viwili vikikandamiza karibu na makali, kipande kwa kipande kutoka kisigino, karibu na mpini, hadi ncha. Tope linalojitokeza lisioshwe, ndilo linalokata. Endelea mpaka unyuzi wa chuma, ule ukingo mwembamba unaojikunja kwenye makali, uguswe kwa kidole upande wa nyuma usio na mteremko, kwa urefu wote wa makali. Ukikosekana mahali, hapo bado.

Hapo ndipo wengi hukiharibu: hugeuza kisu na kusugua nyuma kwa jiwe lilelile. Nyuma kumechimbwa kidogo, kunagusa jiwe kwa kingo zake tu. Jiwe la kukwaruza hupanua kingo hizo, na bonde likiisha, nyama ya samaki hung'ang'ania kisu. Nyuma ni kwa jiwe la mwisho pekee, 6000 au zaidi, kisu kimelala kabisa, mipitisho miwili mitatu. Fundi hakueleza sana. Alikushika kifundo cha mkono na kukishusha.

Jiwe nalo huliwa katikati, na jiwe lenye bonde haliwezi kutoa mteremko ulionyooka. Huchorwa miraba ya penseli, likasuguliwa kwa bamba la almasi mpaka mistari ifutike. Inayochelewa kufutika ndiyo inayoonyesha bonde lilipo.

Kwenye ndege, kisu huenda katika mzigo unaokabidhiwa, si begi la mkononi. Kikaushwe, kipakwe mafuta ya kamelia, kifungwe gazeti kavu. Alama ya kidole tu yatosha kuanzisha kutu kabla hujafika.