Hela ya nyumba huku Moroto, kabla kitu hakijakatika

Nyumba ya Moroto, huku kaskazini mashariki mwa Uganda, huliwa na jua, vumbi na upepo, na hao watatu hawabishi hodi. Bomba likipasuka utaliona asubuhi hiyohiyo. Lakini jua hukausha mpira wa msumari wa bati kiangazi chote bila mtu kujua, na habari unazipata mvua za kwanza za Aprili zikidondoka kitandani. Kwa hiyo mimi ninapopanga hela ya nyumba sianzi na kilichoharibika. Naanza na kitakachoharibika, na naandika kitakuwa lini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimekulia kambini, baba akiwa askari, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu mpaka leo. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na nyuma yake nimejenga viwili vya kupangisha. Mshahara una kazi zake: chakula, ada, wazee. Kodi ya vile vyumba viwili ndiyo inayotunza nyumba, na nimekataa kabisa isiingie jikoni.

Daftari langu ni la kawaida la wanafunzi. Naandika jina la kitu, bei yake ya leo dukani, na miaka ambayo hudumu hapa kwetu. Bei ya leo, wala si ile niliyonunulia, maana duka halitaniuzia kwa bei ya zamani. Miaka ya hapa kwetu, wala si ile iliyoandikwa kwenye boksi, maana boksi halijui jua la Karamoja, mkoa wetu huu. Kisha nagawa. Betri ya sola ya shilingi 900,000 inayodumu miaka 3 inataka 25,000 kila mwezi. Tangi la 1,200,000 kwa miaka 10 linataka 10,000. Inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ya 720,000 kwa miaka 6, 10,000. Rangi ya paa ya 600,000 kila baada ya miaka 5, 10,000 nyingine. Misumari na mipira ya paa pamoja na fundi, 180,000 kila miaka 3, ni 5,000. Jumla 60,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kuishi kwenye hii nyumba, hata mwezi ambao hakuna kilichovunjika.

Nimesikia watu wakisema tenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Kwangu hesabu hiyo haisaidii. Thamani ya nyumba imelala kwenye ukuta na kiwanja, na ukuta wa tofali za kuchoma ukijengwa vizuri hauna shida kubwa. Kinachokula hela ni vitu vidogo vilivyofungwa juu yake na ndani yake.

Betri ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko vyote. Umeme wa gridi tunao mjini, lakini ukikatika usiku, taa za watoto wanaosoma zinategemea sola. Betri za asidi hazipendi joto: kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, maisha yake hupungua kwa karibu nusu. Sasa fikiria betri iliyowekwa kwenye stoo ya mabati isiyo na dirisha, saa nane mchana mwezi wa pili. Yangu nimeihamishia sakafuni, kona ya chumba cha kaskazini ambako ukuta haupigwi na jua la jioni, ikiwa juu ya ubao na hewa ikipita pande zote. Tena siruhusu ishuke chini ya nusu. Mpangaji akitaka kupiga pasi, anangoja gridi. Nimemweleza sababu na ameelewa.

Paneli zenyewe hazina makuu. Hudumu miaka 25 na zaidi zikiwa za kweli, zikipungua nguvu polepole. Shida yake ni vumbi. Kuanzia Desemba upepo unapovuma kutoka tambarare, kioo kinafunikwa ndani ya wiki moja tu. Tunazipangusa alfajiri, kioo kikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Usimwagie maji baridi kioo kilichochemka saa sita. Vumbi hilohilo linaingia kwenye feni ya inveta, na feni ikikwama inveta inaungua. Kuipuliza vumbi ni kazi ya bure, ya dakika chache. Inveta inayotakiwa kudumu miaka 6 inaweza kufa mwaka wa tatu kwa sababu hiyo tu.

Paa nalo lina mambo yake. Jioni jua likizama, ukikaa kimya utasikia mabati yakilia ta, ta, ta. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka kwa karibu milimita moja, kisha usiku hurudi. Milimita moja ni kitu kidogo, lakini msumari unavutwa kila siku ya Mungu, tundu linapanuka, na mpira uliokauka unapasuka. Fundi akipanda mwezi wa tatu, kabla ya mvua, anakagua msumari mmoja mmoja, anang'oa uliolegea na kuweka skrubu yenye mpira mzito mahali pake. Watu wanamwita fundi mwezi wa tano wakati kila mtu anavujiwa, na wakati huo bei ni yake yeye. Mwezi wa tatu bei tunaipanga wote wawili. Na kama bado hujaezeka, nakusihi ununue geji 28 badala ya geji 30. Namba ndogo ndiyo bati nene, na upepo wetu unaling'oa bati jepesi pembeni kwanza.

Maji nayaweka juu ya yote. Ikitokea mwezi hela haitoshi, tangi na bomba hupata fungu lao kwanza, paa la pili, umeme wa tatu, rangi mwisho. Tangi la plastiki linakufa kwa jua, kwa hiyo langu limekaa upande wa mashariki wa nyumba ambako alasiri linapata kivuli cha ukuta, na juu yake nimeweka kibanda cha mabati ya zamani. Chini lina kitako cha zege kilichosawazishwa, maana tangi likikaa nusunusu linapasuka kwa uzito wa maji yake lenyewe. Bomba nyeupe za plastiki zilizopita juu ya ukuta nimezifukia au kuzipaka rangi. Zikiachwa juani zinakuwa ngumu na kuvunjika ukizigusa tu. Maji ya kisima hapa yana chokaa, utaiona kwenye birika na kwenye bomba la bafuni, kwa hiyo mipira ya koki nanunua kadhaa kwa mara moja na kuihifadhi.

Mvua ikija ni lazima gata ziwe safi. Milimita 20 za mvua kwenye paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200, na hata ukipoteza kiasi unabaki na kama lita 1,000. Hizo ni lita ambazo watoto hawatazifuata kisimani. Mvua ya kwanza naiacha imwagike yote, maana inaosha vumbi la miezi.

Hela yenyewe inakaa wapi? Kwenye simu haikai. Kutoa kuna ada ya wakala pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5, na ubaya zaidi ni kwamba simu iko mkononi ndugu akipiga kuomba. Nusu inaenda Sacco. Nusu inaenda kikundi chetu cha akiba cha akina mama, ambacho tunagawana Desemba. Hapo ndipo panahitaji moyo mgumu, kwa sababu Februari shule zinafunguliwa na ada inaitazama ile hela ileile. Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: hii si ya ada. Mume wangu ametia sahihi pembeni. Vitu vikubwa tunavinunua mjini Mbale, Januari, wakati tuna nafasi ya kulinganisha maduka na kudai risiti yenye dhamana. Anayenunua betri siku ya pili ya giza anachukua iliyopo.

Na hapa ndipo ninaona faida ambayo sikuitegemea nilipoanza. Betri ya lithiamu niliyoulizia ni 2,400,000. Kwa bei ya mkupuo mwalimu anaondoka dukani. Lakini ikidumu miaka 10, kama inavyotarajiwa ikitunzwa vizuri, ni 20,000 kwa mwezi, chini ya ile 25,000 ninayoilipia betri ya asidi. Kitu cha bei nafuu kwa mwezi kinanunuliwa na mwenye hela ya mkupuo, na watu wa mshahara mdogo tunabaki kununua cha ghali kila baada ya miaka 3. Mfuko wa nyumba ndio ulionipa mlango wa kutoka humo. Kwanza nitahakikisha chaja yangu inaweza kurekebishwa ichaji betri ya lithiamu, kwa sababu si zote zinaweza. Sehemu kubwa ya hela ipo tayari, na iliyobaki inakuja na mgao wa Desemba, mradi paa lisidai zaidi ya elfu tano zake.